Desemba ya Mtunzi: Kalamu na Likizo katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Katika nchi za kaskazini mwa dunia likizo ya mwisho wa mwaka huitwa likizo ya majira ya baridi. Theluji huanguka, jua huzama mapema, na mtunzi wa hadithi hujifungia chumbani karibu na moto akamalizia kitabu chake. Picha hiyo tumeisoma mara nyingi katika vitabu vya wenzetu. Huku kwetu mkoani Mara, baridi huja Juni na Julai. Desemba ni mwezi wa mvua za vuli. Asubuhi ukungu hulala juu ya vilima vya Tarime, mchana jua huwaka, na jioni radi hutangulia mvua. Migomba imenawiri, nyumbu waliokuwa wakivuka mto Mara tangu Julai wamekwisha kushuka kusini mwa Serengeti, na shule zimefungwa.

Watu hutuuliza, tukiwa sokoni au tukitoka msikitini, kama na sisi watunzi tumefunga kazi. Jibu ni hapana. Kwa mtu anayeandika hadithi za ukurasa wa familia huku akiishi Tarime au Serengeti, Desemba ni mwezi mzito kuliko miezi yote. Sababu ya kwanza ni nyepesi kuieleza: watoto wako nyumbani, nao ndio wasomaji wetu wakali. Sababu ya pili ina uchungu. Huu ndio mwezi ambao baadhi ya mabinti wa wilaya hizi mbili hutoroka makwao usiku wakiukimbia wembe. Anayeandika habari za familia, katika mwezi kama huu, hawezi kujifanya hakuzisikia nyayo zao.

Saa za kazi

Wapo wanaodhani kwamba hadithi humjia mtunzi kama ndoto, akaamka na kuinukuu. Ingekuwa hivyo, tungelala sana. Kazi hii ina saa zake, kama duka lilivyo na saa zake na shamba lilivyo na majira yake. Sisi huanza baada ya sala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka na kuulizia chai. Saa mbili za mwanzo ni za kuandika tu, kwa kalamu na daftari la mistari, kwa kuwa mvua ya usiku mara nyingi huondoka na umeme, na kompyuta isiyo na chaji haimfai mtu kitu. Tukipata kurasa mbili zilizosimama, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Tukipata nusu ukurasa, tunamshukuru vilevile, maana nusu ukurasa kila siku kwa mwezi mzima ni kurasa 15, na hadithi fupi ya gazeti haifiki hata nusu ya hizo.

Ifikapo saa 3 asubuhi daftari hufungwa, ikaja zamu ya masikio. Mtunzi asiyetoka nje huishia kuwaandika watu wote wakizungumza kama yeye. Soko la Tarime lina sauti za nchi mbili, kwa sababu Sirari na mpaka wa Kenya hauko mbali. Utasikia Kikurya, Kijaluo na Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka. Katika stendi ya Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, wanafunzi wa bweni huteremka na masanduku yao ya bati, vijana wa bodaboda wakawagombania. Tunasikiliza namna mama anavyoomba kupunguziwa bei pasipo kuitaja bei, na namna mzee anavyokataa jambo kwa kunyamaza. Hayo ndiyo unga wa kazi yetu. Jina la msemaji tunaliacha palepale sokoni. Tunachorudi nacho ni namna ya kusema.

Mchana ni wa nyumba na shamba, kwani palizi haimsubiri mtu. Alasiri tunarudi mezani kusahihisha, na hapo ndipo jasho hasa humtoka mtunzi. Sentensi iliyopendeza alfajiri, alasiri huonekana imevaa nguo za kuazima. Kisha, baada ya sala ya Isha, tunawasomea watu wa nyumbani tulichokiandika. Watoto hawajui uhakiki wa kusifiana. Mtoto akichoka huanza kuchokonoa mkeka, na pale alipochokonoa mkeka ndipo pa kukata. Mama yao husikiliza hadi mwisho, kisha huuliza swali moja tu: mtu huyu angeyasema haya kweli? Swali hilo limetuokoa na aibu nyingi mbele yenu, wasomaji.

Waliotutangulia hawakuwa na likizo

Anayedhani kwamba kuandika kunamngoja mwenye nafasi, na amtazame Shaaban Robert. Kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, baadaye akahudumu katika ofisi nyingine za serikali hadi karibu na mwisho wa maisha yake mwaka 1962. Kusadikika na Adili na Nduguze ziliandikwa na mtu aliyekuwa na kazi ya kuamkia. Zanzibar, Muhammed Said Abdulla alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, na katika maisha hayo ya ajira ndimo alimozaliwa mpelelezi wake Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, mfano unaogusa zaidi ni wa Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe. Mwaka 1945 alikuwa amekwisha kukamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, inayosimulia ndoa ya watu wawili waliocheleweshewa mtoto na kusemwa na jamaa. Hakupata wa kuichapa. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Hiyo ni miaka 35 ya kungoja. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Tunapolalamika kwamba hadithi yetu imecheleweshwa wiki mbili na mhariri, tunamkumbuka mzee huyo na kunyamaza.

Na katika mkoa huu wenyewe, Butiama, alizaliwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye akiwa Rais wa nchi changa aliweza kupata saa za kumtafsiri Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Mtu mwenye dola nzima mabegani alipata nafasi ya kupima uzito wa mstari mmoja wa Kiswahili. Sisi wenye shamba la mahindi na madaftari matatu tutatoa udhuru gani?

Msimu wenye kivuli

Sasa tuingie katika ile sababu ya pili. Miongoni mwa koo za Wakurya, ambao ndio wenyeji wengi wa Tarime na sehemu ya Serengeti, tohara ya wavulana na ukeketaji wa wasichana huendeshwa kwa msimu. Kwa desturi msimu huo huangukia zaidi miaka inayogawanyika kwa mbili, kati ya Novemba na Desemba. Wazee wa mila wa ukoo hukaa, wakatangaza. Kisha huja ngoma, vyakula, zawadi na shangwe barabarani. Likizo ndefu ya shule huutumikia msimu huo pasipo kukusudia: msichana hayuko darasani, mwalimu hamuoni, na jeraha lina wiki kadhaa za kufichwa kabla ya Januari. Aliyemaliza darasa la saba mwezi Septemba huwa katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu amevua sare ya shule ya msingi na bado hajavaa ya sekondari. Machoni pa baadhi ya watu, binti huyo yuko tayari kuolewa.

Nyuma ya ngoma ipo hesabu. Ng'ombe wa mahari huongezeka kwa binti aliyekeketwa. Ngariba hulipwa kwa kila kichwa, na wapo wazee wanaopata fungu lao. Na juu ya fedha kuna fedheha. Binti asiyekeketwa huitwa jina la kumdhalilisha, akatengwa na wenzake, na mama yake akasemwa kisimani. Watu wa mbali hudhani kwamba wazazi wanaofanya hivyo hawawapendi watoto wao. Tuishio hapa tunajua kuwa wengi wanawapenda, ila wanaogopa kicheko cha jirani kuliko wanavyoogopa jeraha.

Sheria ya nchi haina utata. Tangu mwaka 1998, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili pamoja. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa miaka ya 2015 na 2016 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, asilimia 10 nchini walikuwa wamekeketwa, na kwa Mara asilimia 32. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 8 nchini na 28 Mara. Mwendo ni wa kushuka, na tunafurahi. Hata hivyo, katika kila wanawake 100 wa mkoa wetu wa umri huo, 28 wanabeba alama hiyo mwilini.

Ndiyo maana Desemba hapa ina safari ambazo hazimo katika ratiba ya mabasi. Wasichana hukimbilia kwa mwalimu, kwa shangazi, kituo cha polisi, au katika nyumba salama. Masanga, katika Wilaya ya Tarime, kuna kituo kinachowapokea mabinti wakati wa msimu. Mugumu kuna nyumba salama iliyoanza kupokea wasichana mwaka 2014 chini ya uongozi wa Bi Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara aliyekeketwa mwenyewe akiwa binti mdogo na kunusurika kwa kutoka damu nyingi. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wamekuwa wakichora ramani za vijiji vya maeneo haya kwa kutumia picha za setelaiti na simu za mkononi, ili gari la kumfuata binti usiku lisipotelee katika njia za ng'ombe. Msimu ukipita, wahudumu hukaa na wazazi na maofisa, na mzazi anayetaka mwanawe arudi huahidi kwa maandishi kwamba hatamgusa. Wengine hurudi. Wengine hubaki, wakasoma shule au kujifunza cherehani.

Neno moja na uzito wake

Mtunzi akikaa kuandika jambo hili, kikwazo cha kwanza ni msamiati. Je, aandike tohara au ukeketaji? Tohara ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na ndani yake mna usafi na twahara. Ukiliweka katika kinywa cha mhusika, umekwisha kukitakasa kitendo kabla msomaji hajakiona. Keketa, kwa Kiswahili cha asili, ni kukata kwa chombo butu. Neno hilo linasema kinachotendeka. Nyumbani, lakini, halitamkwi. Wanaofanya hawasemi kuwa wanakeketa. Husema wanamcheza binti, wanamkuza, wanampeleka kwa wenzake.

Hapo ndipo msimulizi na mhusika wanapotengana. Msimulizi wetu husema ukeketaji, kwa sababu yeye anawajibika kwa ukweli. Bibi katika hadithi husema maneno ya bibi, kwa sababu tukimlazimisha kuzungumza kama bango la semina, msomaji aliye kijijini atajua mara moja kwamba mtunzi hajawahi kukaa jikoni kwa bibi yeyote. Hadithi ikipoteza imani ya msomaji wa aina hiyo imepoteza kila kitu, kwa sababu yeye ndiye tuliyekuwa tukimwandikia.

Kikwazo cha pili ni majina. Gazeti la habari likitaja jina la binti aliyetoroka, limemchongea kwa ukoo mzima. Hadithi nayo inaweza kumchongea hata bila kumtaja, kwa kueleza mwembe ulio mbele ya nyumba yao au kovu la baba yake. Kwa hiyo tuna kanuni. Tukipewa nafasi ya kuzungumza na mabinti waliokimbia, hatuwaulizi yaliyowapata. Wamekwisha kuyasimulia polisi, hospitali na ustawi wa jamii, na kila kusimulia ni kuingia tena katika usiku ule. Tunawauliza wanapenda kusoma nini, chakula gani wamekikosa, ni nani nyumbani wanamkumbuka. Majibu ya maswali hayo humsimamisha mhusika kuliko maelezo ya damu. Kuhusu jina, tunamwita Bhoke au Ghati, kwa kuwa karibu kila boma la Wakurya lina Bhoke wake na Ghati wake, na jina la watu wote halimwelekezei mtu kidole.

Hadithi inaweza nini?

Ndugu mmoja alituuliza hadithi ya kubuni ina faida gani pale ambapo sheria ipo, polisi wapo na semina zimefanyika. Ni swali la haki. Kwa maoni yetu, semina humwambia baba asifanye, na sheria humwambia atakachopata akifanya. Hadithi humketisha baba huyo mahali ambapo hajawahi kuketi: ndani ya kifua cha binti yake, usiku wa kuamkia siku hiyo, akisikiliza ngoma ikijaribiwa ng'ambo ya kilima.

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alifanya kazi ya namna hiyo katika Rosa Mistika ya mwaka 1971. Riwaya hiyo iliwakera watu hadi ikawahi kuzuiwa mashuleni, lakini iliwafanya wazazi wengi waone kwamba ukali wa baba usio na mazungumzo humlea binti asiyejua kujilinda. Hakuna waraka wa serikali uliowahi kusomwa kwa namna ile.

Hadithi tunayoiandika Desemba hii, ambayo daftari lake liko mezani tunapoandika makala haya, haimhusu ngariba wala mkuu wa kituo. Inamhusu baba. Ana ng'ombe wachache, binti aliyemaliza darasa la saba, na deni kwa shemeji yake. Si katili. Binti akiwa mdogo alimbeba begani kuvuka mto wakati wa mafuriko. Sasa ukoo umetangaza, shemeji amekumbusha deni, na mchumba amekwisha kuonyesha ng'ombe. Tulivyomwandika mara ya kwanza alikuwa mtu mbaya, na hadithi ikaisha ukurasa wa tatu, kwa kuwa mtu mbaya akishafanya ubaya hakuna tena cha kungoja. Tulipomrudishia upendo wake, hadithi ikapata pumzi. Msomaji sasa anangoja kuona kama mtu anayempenda mwanawe atapata ujasiri wa kuchekwa.

Mwisho wake bado unatugombanisha humu nyumbani. Watoto wanataka baba amfiche binti na kumkimbiza kwa baiskeli hadi Mugumu. Mama yao anasema baba wa namna hiyo hatakimbia. Atakaa mlangoni usiku kucha, atamwambia kaka yake neno moja, na neno hilo litamgharimu nafasi yake katika kikao cha ukoo. Tunaelekea kukubaliana na mama. Kutoroka ni kwa mtoto. Wajibu wa mtu mzima ni kusimama.

Swali la dini

Wasomaji wetu ni Waislamu, na Waislamu ni wachache katika wilaya hizi. Mila ya Wakurya ina mizizi yake mbali na misikiti, na ilikuwapo kabla ya dini zote mbili kubwa kujenga hapa. Tungeweza kusema kwamba jambo hili ni la wengine, tukafunga ukurasa. Tusifanye hivyo. Kuna familia za Kiislamu, hapa Mara na penginepo nchini, na zaidi katika Misri, Sudan na Somalia, zinazowakeketa mabinti zikiamini kwamba zinatimiza ibada.

Ni kweli kwamba vitabu vya fiqhi vya zamani, vikiwamo vya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu, vinazungumzia khitani ya mwanamke, na wanazuoni walitofautiana juu ya hukumu yake. Tusiufiche ukweli huo kwa kijana aliyesoma. Lakini mwezi Novemba 2006 wanazuoni kutoka nchi mbalimbali walikutana Cairo, katika Al-Azhar, wakaulaani ukeketaji na kutaka ukomeshwe. Mwaka 2007 Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar likatamka kwamba hauna msingi katika sharia. Hoja yao ilisimama juu ya kanuni anayoifahamu kila mwanafunzi wa madrasa, kwamba dini yetu hairuhusu kudhuru wala kulipizana madhara. Madaktari wamekwisha kuyataja madhara yenyewe: kutoka damu, maambukizi, maumivu ya maisha, na hatari kwa mama na mtoto wakati wa kujifungua.

Mtu akitafuta cha kumfikirisha zaidi, aisome Surat At-Takwir, mahali panapotajwa mtoto wa kike aliyezikwa hai na swali litakaloulizwa juu yake Siku ya Kiyama. Waarabu wa zama za ujahilia nao walikuwa na sababu, na sababu yao kubwa ilikuwa kuogopa aibu. Na anayeshuku kama kusimulia ni kazi ya heshima, akumbuke kwamba Surat Yusuf imeelezwa katika Qur'ani yenyewe kuwa ni kisa bora, na kwamba ni kisa cha mtoto aliyedhuriwa na watu wa nyumba yake, kikaishia katika kusamehe.

Kazi ya familia katika likizo hii

Mtunzi hamalizi kazi peke yake. Hadithi isiyosomwa kwa sauti ndani ya nyumba inabaki kuwa wino. Kwa hiyo tunawaomba wazazi mambo machache yasiyohitaji fedha.

Kwanza, tengeni nusu saa baada ya chakula cha usiku, mara tatu kwa wiki, mmoja asome na wengine wasikilize. Baba asome zamu yake. Mtoto anayemsikia baba yake akisoma sauti ya msichana katika hadithi hujifunza kwamba baba anaweza kuisikia sauti ya msichana.

Pili, baada ya kusoma, msiulize funzo la hadithi. Hilo ni swali la mtihani, na watoto wako likizo. Ulizeni: wewe ungefanya nini? Kisha nyamazeni. Binti mwenye jambo moyoni atalisemea kupitia mhusika kabla hajalisema kwa jina lake mwenyewe.

Tatu, mwangalieni binti aliyemaliza darasa la saba, awe wa kwenu au wa jirani. Mpeni kazi, kitabu, ratiba na mahali pa kwenda. Akianza kunyamaza, au akasikika akiulizia umbali wa kituo cha polisi, mtu mzima asimuulize kwa ukali. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, haitozwi gharama yoyote.

Nne, wanaotaka kuandika na waandike. Vijana wengi wa Mara wana visa vinavyozidi vyetu, wakiwa na daftari na kalamu ya shilingi mia chache. Wasingoje kwenda Dar es Salaam. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya yake ya Paradise ikatufikia kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mwaka 2023 nchi yetu ilianza kutoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Milango ipo. Mwandishi anayeanza aandike nusu ukurasa leo, na kesho arudi kukata alichokiandika kwa kujisifu.

Likizo itakwisha. Mvua za vuli zitapungua, masanduku ya bati yatarudi stendi, na hadithi yetu, Mungu akipenda, itakuwa imefika kwa mhariri. Kipimo chake lakini hatutakipata gazetini. Tutakipata Januari, siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, mwalimu atakapofungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita majina ya wasichana, mmoja baada ya mwingine, akisubiri kila mmoja aitike kwamba yupo.